Mtafsiri na Filamu ya Kiholanzi

Mlandizi walimjua kwa sauti kabla ya sura. Mtu ametoka shambani Ruvu na matenga yake ya nyanya, hajawahi kukanyaga banda la video tangu azaliwe, lakini akisikia mtu anaagiza chai nyuma yake hugeuka na kusema, "Ala! Kumbe ndiye wewe?" Naye hujibu kwa kutikisa kichwa tu, maana asubuhi alikuwa hapendi kuongea. Sauti yake alianza kuitumia saa saba mchana. Kabla ya hapo, ukimwamkia shikamoo, marahaba yake unaiona midomoni bila kuisikia.

Tulimwita Mtafsiri. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, lakini pale sokoni halikuwa na kazi. Watu wa utani walimsalimia kwa wingi, "Hamjambo nyote humo?" wakiwa na maana ya wale watu wote aliowabeba kooni. Alifariki mwaka juzi, na bado nikipita Mlandizi kuna watu wazima wanaoniuliza habari za filamu fulani kana kwamba ni yeye aliyeicheza.

Banda lake lilikuwa nyuma ya soko, limezungushiwa mabati ya zamani na maturubai, lina mabenchi kumi hivi ya mbao na runinga moja kubwa juu ya meza. Yeye alikaa pembeni ya runinga juu ya stuli, maiki mkononi. Alipunguza sauti ya filamu mpaka ikabaki kama mtu anayeongea chumba cha pili, kisha akawasemea wote: jambazi, polisi, bibi harusi, mganga, na mbwa ikibidi. Siku hizi kuna vijana wanaorekodi tafsiri zao, zimejaa kwenye simu, na wengine ni hodari kweli. Mtafsiri hakurekodi hata moja. Filamu aliyoionyesha Jumanne, akiirudia Alhamisi, watu waliokuwepo siku zote mbili walibishana juu ya kilichosemwa.

Sauti za wanawake aliziazima sokoni. Kuna filamu ya Kihindi iliyokuwa na mama mkwe mkorofi, naye akampa sauti ya Bi Chausiku, muuza dagaa, pamoja na kile kikohozi chake kifupi cha kabla ya kutukana. Watu walivunjika mbavu. Habari zikamfikia mwenyewe kabla filamu haijaisha. Akaingia na upawa mkononi, akasimama katikati ya mabenchi.

"Nani kanitia ndani ya tivii?"

Mtafsiri hakuzima maiki. Mama mkwe kwenye runinga alipofungua tena mdomo, akasema kwa sauti ileile, "Karibu dada, nilikuwa nakusubiri, hawa wananicheka nikiwa peke yangu." Bi Chausiku alijikaza kidogo, akashindwa, akacheka, akakaa. Tangu siku hiyo akawa na nafasi yake benchi la mbele, na kila akiingia anauliza, "Leo nimo?"

Kiingereza alikijua cha kutosha. Kihindi alikisikia kwa mazoea. Kichina hakujua hata neno. Lakini nilipokaa naye nikaona kwamba lugha haikuwa jambo lake kubwa. Filamu mpya aliitazama kwanza bila sauti kabisa, mwanzo hadi mwisho, anaangalia nyuso tu. "Kwanza mtazame," aliniambia mara nyingi, "halafu ndiyo umsemee." Watafsiri wengine walitaka kujua mtu anasema nini. Yeye alitaka kujua mtu anaficha nini, na akishajua hilo, maneno aliyatunga njiani.

Alikuwa mkali. Saa za shule mtoto haingii. Akimwona mmoja amejibanza kati ya watu wazima, husimamisha filamu, jambazi akabaki na bastola hewani, na Mtafsiri anasema kwenye maiki, "Wewe wa shati la bluu, darasa la ngapi? Basi hatuendelei." Watu wazima wenyewe ndio waliomtoa. Watoto waliopanda juu ya bati kuchungulia aliwafokea kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Lakini mtu mwingine akimwita mtoto chokoraa mbele yake, alikuwa anageuka kabisa. Nilimsikia akimwambia dereva mmoja wa lori, mtu mwenye mwili mara mbili yake, "Hapa hakuna mwenye jina hilo. Tafuta lingine." Na dereva akatafuta lingine.

Mtu huyu aliyewasemea watu mia kwa wiki hakuwa na la kusema juu yake mwenyewe. Mke wake alikuwa ameshafariki nilipomjua. Ukimuuliza kuhusu watoto, alisema, "Mungu hakujaalia," haraka, kama anayefunika sufuria. Na kuna jambo jingine ambalo nililiona nikiwa mdogo bila kulielewa. Akija mfanyabiashara kutoka Kisarawe, Mtafsiri alimuuliza habari za mvua, za barabara, za mihogo, za korosho. Habari za watu hakuuliza.

Mimi nilifika Mlandizi nikiwa na miaka kumi, labda kumi na moja, nikitokea Mzenga juu ya lori la mkaa. Bibi aliyenilea alikuwa amefariki, mjomba akahamia nyumba yake, na mkono wa mjomba ulikuwa mwepesi. Nilikuwa namfuata shangazi ambaye nilijua jambo moja tu juu yake, kwamba anauza vitumbua Mlandizi. Waliouza vitumbua walikuwa wengi, na hakuna aliyemjua. Nikabaki. Nililala chini ya meza za mboga, nikaosha masufuria ya mama ntilie kwa ukoko wa wali, nikabeba matikiti maji. Watu hudhani njaa ndiyo ngumu kuliko yote. Mimi ninachokikumbuka zaidi ni uchovu wa kumchekea kila anayekukaribia, maana hujui yupi atakupa na yupi atakupiga.

Mchana nilikaa nje ya banda, mgongo kwenye bati, nikisikiliza. Siku moja kivuli kikanisimamia.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasikiliza."

"Umesikia nini?"

Nikamsimulia filamu nzima. Sikujua kuacha. Nilipofika kwa kaka mkubwa, yule bosi wa majambazi, nikamwambia, "Huyu umemfanya mkali, lakini anaogopa."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Anaongea haraka haraka."

Akanitazama kwa muda mrefu kama alivyowatazama watu wa kwenye runinga. Kisha akasema, "Kesho njoo ufagie."

Hakuwahi kuniambia nihamie pale. Baada ya siku chache alileta mkeka na shuka, akaviweka nyuma ya spika, akasema viko pale visije vikalowa mvua ikinyesha. Nyumbani kwake, alisema, paa linavuja. Nilikuja kuliona paa lake baadaye. Lilikuwa halivuji.

Filamu ya Kiholanzi ilitufikia kwenye boksi. Kulikuwa na dada mmoja Mholanzi aliyekuwa akiwafundisha wakulima wa mpunga huko bondeni. Alipomaliza muda wake akagawa vitu vyake, na Mtafsiri akapata boksi la santuri za deki. Nyingi zilikuwa nyimbo, moja ilikuwa filamu. Kwenye ganda lake palikuwa na picha ya mtoto wa kiume mwenye kaptula na uso mchafu, amesimama juu ya daraja. Haikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, na yule dada alikuwa ameshapanda ndege.

"Lugha gani hii?" nilimuuliza tulipoiwasha.

"Ya watu wanaosafisha koo kwa adabu," akasema, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka asubuhi.

Tuliitazama kila siku kwa wiki mbili, mlango umefungwa. Ni mtoto anayeishi mtaani katika mji ambao maji yamepita mahali pa barabara. Analala kwenye ghala la magunia. Polisi mwenye masharubu anamfukuza, mwanamke mpiga pasi anamlisha supu. Baba yake yuko palepale mjini, anatengeneza baiskeli, ana mke mpya na mtoto mchanga. Mtoto anajua baba yake alipo, anapita kwa mbali, anaangalia dirisha. Siku moja theluji imeanguka, anaamua kubisha. Baba anafungua, anamtazama, anasema maneno matatu, anafunga. Mwisho mpiga pasi anamchukua, wanakula mezani wote wawili, inaisha.

Sehemu nyingine zote tulizipatia maneno. Pale mlangoni palitushinda.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Sijui."

"Si tutunge?"

"Hapo hapatungwi," akasema, akazima runinga, akaenda zake kunywa chai.

Siku moja kabla ya kuionyesha akaniletea maiki ya pili. "Sauti ya mtoto sina," alisema. "Nilikuwa nayo, imekwenda. Utamsemea wewe." Nilipoanza kujaribu, nikawa nalialia na kushika tumbo. Akanikatiza. "Usiigize njaa. Mwenye njaa haigizi. Ongea kama ulivyoongea na mimi pale kwenye bati."

Jumamosi mchana banda lilijaa mpaka watu wakasimama. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mtoto wa pale sokoni anaongea Kiholanzi. Dakika za mwanzo niliikumbatia maiki kwa mikono miwili, kisha nikasahau. Bi Chausiku alimpenda mpiga pasi kwa sababu alikuwa na kikohozi. Watu walimzomea polisi. Nilikuwa nasema maneno ya mtoto yule, na katikati ya kuyasema nikagundua kwamba hakuna mtu aliyekuwa akiniangalia kwa kunihurumia. Walikuwa wakinisikiliza. Sijapata tena furaha ya namna ile.

Tukafika mlangoni. Baba akafungua.

"Baba, ni mimi," nikasema.

Mdomo wa baba ukacheza. Mtafsiri hakusema kitu. Mlango ukafungwa kwenye runinga, na watu wakamgeukia. Akashika rimoti, akarudisha nyuma. Baba akafungua tena.

"Baba, ni mimi."

Mlango ukafungwa tena. Nilimtazama Mtafsiri. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Maiki imekufa nini?" Akarudisha mara ya tatu.

"Baba, ni mimi."

Hapo akasema. Hakutumia sauti ya filamu wala ya mtu yeyote wa sokoni. Ilikuwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. "Nakujua. Lakini humu ndani nimeshasema sina mtoto."

Banda lilipasuka. Bi Chausiku alivua kandambili, akairusha kwenye runinga. "Mlaaniwa mkubwa! Mtoto wako wa kumzaa!" Wengine wakasimama. Mzee mmoja mtulivu sana, fundi saa, akasema, "Mtafsiri, huyo usimpambe. Mwache hivyohivyo." Kwa kawaida watu wabaya aliwapa utani mmoja au miwili ili wasichukiwe kabisa. Yule baba hakumpa kitu. Alikaa pale na maiki yake, akawaacha watu wamtukane mpaka wakachoka, halafu akaendelea na filamu hadi mwisho.

Mpaka leo sijui yule baba Mholanzi alisema nini hasa.

Watu walipotoka nikawa nakunja nyaya. Akaniuliza bila kugeuka, "Ulipobisha mara ya tatu, ulidhani nitasema nini?"

"Nilidhani atasema ingia."

"Hata mimi," akasema.

Jumatatu hakufungua banda. Alivaa suruali yake iliyonyooshwa, akaniambia nioge, tukapanda lori linalokwenda Kisarawe kwa njia ya Mzenga. Hakuniambia tunakwenda kufanya nini. Nilipoanza kuiona mikorosho ya kwetu, nikaishika bodi ya lori kwa nguvu. Nilidhani ananirudisha kwa mjomba. Sikulia, nilianza tu kuhesabu miti, nikiangalia mahali pa kuruka. Lori likasimama Mzenga, watu wakashuka, wengine wakapanda. Akaniona nilivyoshika bodi.

"Hatushuki hapa," akasema. Akaweka mkono wake juu ya wangu mpaka lori lilipoondoka.

Ni baada ya hapo ndipo aliponieleza, akiangalia barabara. Kabla ya kuoa Mlandizi alizaa na mwanamke wa Kisarawe, mtoto wa kike. Hakumwambia mke wake wa Mlandizi. Miaka ikapita. Yule mwanamke akafariki, na mtoto, msichana wa miaka kumi na miwili, akafunga nguo zake kwenye kanga akaja kumtafuta peke yake, akiuliza njia. Alibisha mchana. Mtafsiri akafungua. Mke akauliza kutoka uani, nani? Akamjibu, "Kuna mtoto kakosea nyumba."

"Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo," aliniambia. "Nilikuwa hodari tangu zamani."

Mwanahawa, ndilo jina la binti, alikuwa fundi cherehani karibu na soko la Kisarawe. Alikuwa ameshafika miaka ishirini na tano hivi. Tulimkuta anashona sare za shule, zimepangwa kwa lundo kila upande. Mtafsiri akapiga hodi. Yule dada akainua macho, na nikaona kwamba amemjua kabla hajasema. Hakusimama. Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani mpaka mshono ulipofika mwisho.

"Habari za huko?" akasema.

Nilikuwa mdogo, lakini nilishtuka. Hakumwamkia shikamoo. Alimsalimia kama unavyomsalimia mteja wa umri wako. Mtafsiri akajibu, "Nzuri," akakaa kwenye kibenchi. Tukapewa maji. Mtu yule ambaye Mlandizi nzima ilimjua kwa ulimi wake akawa anazungusha kikombe mkononi.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema mwishowe.

Mwanahawa akaniangalia mimi. "Huyu ni wa nani?"

"Nakaa naye. Nilimkuta sokoni."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Kumbe unaweza kukaa na mtoto."

Mtafsiri aliinamisha kichwa. Yule dada akaendelea kunitazama, hana hasira na mimi, lakini hakuwa na upole wowote pia. "Unasoma wewe?"

"Sisomi. Niliishia la pili."

Akavuta sare moja kutoka kwenye lundo, kaptula na shati jeupe, akanipimia begani, akairudisha, akavuta kubwa zaidi. "Jaribu hii." Kisha akamwambia baba yake, "Mpeleke shule huyu. Akimaliza la saba, uje tuongee. Kabla ya hapo usinijie hapa."

Tukarudi Mlandizi na sare kwenye mfuko.

Sijawahi kuona mtu akishikilia neno vile. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua, na hapo ndipo mwenyekiti alipomuuliza, kalamu mkononi, "Hivi wewe hasa unaitwa nani?" Alikaa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu siku tatu mfululizo mpaka nikapokelewa darasa la tatu, kati ya watoto wanaonifika kifuani. Mtu asiyependa asubuhi akawa anaamka kabla yangu. Kwenye mikutano ya wazazi alikaa mbele na suruali yake iliyonyooshwa, na walimu waliokuwa wakimcheka bandani walimwona anauliza maswali ya hesabu kwa sauti ya chini kama mwanafunzi. Daftari langu likiwa na kosa, alilizungushia duara, kisha akanirudishia bila kuniambia jibu. Jibu lenyewe mara nyingi hakulijua.

Nilipokuwa darasa la tano nilichoka. Wenzangu waliniita babu. Asubuhi moja nikagoma, nikakaa juu ya mkeka, nikamwambia jambo nililokuwa nimelifikiria kwa muda mrefu.

"Unanisomesha ili umpate mwanao."

Nilitaka akatae. Alikuwa fundi wa maneno, angeweza kukataa vizuri nikaamini. Akasema, "Ndiyo. Vaa viatu."

Nilivaa. Lakini jibu lile nilikaa nalo miaka mingi, na kila nilipofaulu mtihani nilijiuliza ni nani aliyefaulu.

Darasa la sita nikaugua homa ya matumbo, nikalazwa Kibaha. Alifunga banda wiki mbili. Nakumbuka alileta kamusi yake iliyong'oka majalada na kunisomea maneno kuanzia herufi M, kwa sababu kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanika. Akifika kwenye neno lisilompendeza aliliruka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walianza kumwomba awasomee kwa sauti ya mama mkwe, naye akawakubalia.

Matokeo ya la saba yalipotoka, aliyakunja akayatia mfuko wa shati, akaenda Kisarawe peke yake. Alirudi jua lingali juu. Alikula wali wake wote. Aliponawa mikono ndipo akasema, "Ameniambia shikamoo." Akaingia ndani.

Baada ya hapo alikuwa akienda kila mwezi, kisha kila wiki. Simu na ving'amuzi vilipoingia kila nyumba, mabenchi yakabaki matupu, naye akayagawa, moja kwa Bi Chausiku, akahamia Kisarawe kwa binti yake. Mimi nilikuwa nimeshamaliza sekondari, nikasomea umeme. Sasa nina vyumba viwili Picha ya Ndege, palepale Kibaha, na kazi inayonipeleka Dar na kunirudisha.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ni ile ya posa. Nilitaka kumwoa Rehema, ambaye wazazi wake walihamia Kibaha kutoka bara zamani kwa kazi ya serikali. Baba yake ni afisa kilimo mstaafu, mtu wa utaratibu, kila kitu anakiandika. Akaniambia kwa upole, "Kijana, tunakupenda, lakini leta wazee wako." Nikaenda Kisarawe.

Nilimkuta Mtafsiri barazani anashonea vifungo kwenye mashati ya sare, miwani imeshuka puani. Sauti ilikuwa imekwisha, imebaki nyembamba, na ilibidi nisogee. Nilipomweleza akatua shati.

"Nitasema mimi ni nani wako?"

"Utakavyoona, mzee."

Akafikiri. Nami nikaona kwamba nisipouliza siku ile sitauliza tena. "Mzee, wakati ule nilikwambia unanisomesha ili umpate mwanao, ukasema ndiyo."

"Nilisema."

"Iliacha kuwa hivyo lini?"

Alipitisha uzi kwenye tundu la kifungo kabla ya kunijibu. "Siku yenyewe siijui. Ulipolazwa Kibaha, zile wiki mbili, sikuikumbuka Kisarawe hata mara moja. Nilikuwa nakuangalia wewe tu. Ulipopata nafuu ndipo nikamkumbuka Mwanahawa, nikaona haya, maana nilikuwa nimemsahau tena." Akakata uzi kwa meno. "Kwa hiyo usinishukuru sana. Kila mara kuna mmoja niliyemsahau."

Siku ya posa walikwenda wawili, yeye na Mwanahawa. Kwa desturi mimi nisingekuwepo, lakini macho yake yalikuwa hayaoni vizuri njiani, nikawasindikiza, nikapewa kiti pembeni. Sebule ilijaa. Baba yake Rehema alikuwa na daftari lake magotini. Salamu zikaisha, maji yakanywewa, na baba mkubwa wa Rehema, ndiye aliyekuwa msemaji wao, akajiweka sawa.

"Mzee wetu, tumefurahi. Ila tungependa kukufahamu. Wewe kwa kijana huyu ni nani? Baba? Mjomba?"

Nilijua anavyoweza kusema. Angeweza kuwafanya walie, wacheke, watupe hata nyumba yao.

"Mimi si baba yake wala mjomba wake," akasema kwa ile sauti nyembamba, na watu wakainama kumsikia. "Nilimkuta sokoni Mlandizi, hana mtu. Na kabla hamjanisifu kwa hilo, nina mtoto wangu wa kumzaa, alinijia na nguo zake kwenye kanga, nikamkana. Nikasema kakosea nyumba. Nayasema haya mapema ili msije mkayasikia nje, mkiwa mmeshatupa binti yenu."

Mama yake Rehema alikuwa ameshika sinia la vikombe. Akaliweka mezani polepole. Feni ilikuwa inazunguka. Nilitazama miguu yangu, nikawaza kwamba basi, yamekwisha, na katika hali ileile nikawa siwezi kumkasirikia.

Baba mkubwa akakohoa. "Na mtoto huyo sasa yuko wapi?"

"Ni mimi," Mwanahawa akasema. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja, kanga mpya begani. "Alinikana, ni kweli. Na leo nimekuja naye kumposea mdogo wangu."

Hakuniangalia aliposema. Nilikuwa nimemjua miaka mingi, amenishonea sare zote, hajawahi kuniita hivyo.

Baba yake Rehema alirudisha ukurasa wa daftari lake, akasoma kitu, akavua miwani. "Binti yangu alituambia kijana hana ndugu," akasema. "Nimeandika hapa hivyo. Nifute?"

"Futa, baba," akasema Mwanahawa.

Akatafuta rula kwanza. Akapiga mstari mmoja ulionyooka, akafunga daftari, akatuuliza kama chai tunakunywa na sukari.